Chupa Husuuzwa Mara Tatu

Kwenye banda la Lyall Noske kulikuwa na sheria moja, na hakuna aliyehitaji kuambiwa mara mbili. Ukimaliza chupa, unakwenda mwenyewe kwenye bomba lililo karibu na mlango, unaisuuza mara tatu, unaiinua kwenye mwanga uone kama chini kuna ukungu, kisha unaitundika kichwa chini kwenye mti wa chuma wa kukaushia. Ndipo unaweza kuaga. Mchungaji alisuuza. Daktari alisuuza. Mimi, jirani wa ua mmoja, nimesuuza miaka yote tuliyokaa mtaa huu wa Port Wandilla, na hata kwangu nikimaliza chupa ya siki mkono unakwenda bombani wenyewe.

Sheria ilikuwa ya mkewe, Glenys. Usichana wake aliumalizia kwenye kiwanda cha bia cha Hallam, upande wa kuoshea chupa, na mambo aliyoyaona ndani ya chupa zilizorudishwa na wateja hakutaka kuyaeleza mezani. Ukileta ubishi kuhusu kusuuza alikuuliza kama umewahi kumtoa panya kwenye chupa kwa waya. Ubishi uliishia hapo.

Hallam ilinunuliwa na wakubwa wa mjini, wakaifunga ndani ya mwaka. Ndipo mtaa mzima ukageuka wapishi wa bia. Kila banda lilikuwa linaifukuza bia ya Hallam, ile yenye mawingu, na kila mwenye banda aliapa kwamba nakala yake ndiyo yenyewe. Wengi walifungua kopo la shira ya kimea, wakamwaga kwenye ndoo, wakaongeza sukari na maji, wakatia pakiti ya hamira wakasubiri. Ilitoka bia, sikatai. Hallam haikuwa.

Lyall aliongeza nafaka. Aliloweka kimea kilichosagwa kwenye maji moto ndani ya boksi lake la kuwekea samaki barafu, akalifunika kwa blanketi kuukuu joto lisitoroke, halafu yale maji matamu akayachanganya na shira ya kopo na kuyachemsha pamoja na maua machungu ya hopsi. Nusu kopo, nusu nafaka. Wale wa nafaka tupu walisema anaibia mtihani. Wale wa kopo tupu walimwona anajitafutia kazi. Yeye hakujibu upande wowote, kwa sababu Lyall si mtu wa kujibu.

Lakini kilichoifanya bia yake iwe Hallam kweli kilikuwa ndani ya friji ya jikoni, mlangoni, karibu na haradali: chupa ya jamu yenye tope la rangi ya maziwa. Siku ya mwisho ya kiwanda Glenys alirudi na bia moja mkobani. Hallam waliacha hamira yao chini ya kila chupa, ikiwa hai. Akamimina bia taratibu, akaacha mashapo, akayalisha maji ya kimea mpaka yakatoa povu. Tangu hapo kila upishi ulichota humo na kurudisha humo. Hamira ile ilikuwa na uhai kuliko nusu ya madiwani wetu, na Glenys alikuwa akisema hivyo mbele yao.

Na jambo la pili la kujua ni kwamba Lyall hanusi. Akiwa kijana, hata hajamjua Glenys, moshi wa asidi kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini ulimchoma pua, na harufu haikurudi tena. Ulimi wake unajua chumvi, sukari, uchungu, basi. Alimwoa mwanamke bila kuijua harufu yake. Aliniambia hivyo siku moja akiwa anafunga vizibo, kwa sauti ya mtu anayekutajia namba ya kiatu chake. Kwa hiyo yeye alikuwa mikono na Glenys alikuwa pua. Glenys aliinamia pipa, akafumba macho, akatoa hukumu. "Ndizi imezidi. Lisogeze palipo na baridi." Au, siku nzuri: "Peasi hiyo. Usiguse kitu."

Alikufa mwanzoni mwa majira ya baridi, baada ya ugonjwa ambao haukumpa mtu nafasi ya kuzoea. Alikwenda hospitali kwa miguu yake akiwa amebeba mto wake mwenyewe.

Lyall hakulia. Hakulia kanisani, wala kaburini, wala pale watu walipomkumbatia kwa zamu mpaka shati likakunjamana. Wengine walisema ni shujaa, nikataka kuwazaba kofi, maana ushujaa haukuwepo pale. Palikuwa na mtu aliyekufa ganzi. Ukimpa kiti anakaa. Ukimpa sahani anaishika. Baada ya mazishi tulikusanyika bandani, kama ilivyo kwetu, tukala mikate ya soseji na keki za nazi, naye akafungua kreti zote za upishi wa mwisho ambao Glenys aliunusa.

"Kunyweni," alisema. "Mnasubiri nini?"

Tukanywa. Na kwa kuwa tulimpenda Glenys, tulisuuza kuliko tulivyowahi kusuuza. Foleni ya kwenda bombani ilitoka nje ya mlango. Watu wazima wenye suti za mazishi waliinua chupa kwenye mwanga, wakakunja uso, wakarudia. Mti wa chuma ulijaa mpaka tukatandaza taulo chini. Nilitazama zile chupa zikimeta nikajisikia vizuri, kwamba angalau hili tumemfanyia.

Mtu mmoja tu hakunywa. Darcy Tuohy, mdogo wake Glenys, alisimama nje ya ua mikono mfukoni. Lyall alikuwa amempiga marufuku bandani kwa miaka. Zamani zile Darcy hakuwa akisuuza. Alikuwa akichukua bia, akipotea nazo, akirudisha chupa zina ukungu wa kijani na vipande vya sigara ndani. Mara moja chupa yake moja ilipita bila kuonekana, bia iliyotiwa humo ikageuka siki, na hiyo bahati mbaya ikamwangukia mgeni wa heshima. Lyall alimwambia asikanyage tena. Siku ya mazishi hakuna aliyekumbuka kumwambia Darcy kwamba leo anaweza kuingia, naye hakuomba.

Kesho yake Bernice, dada yake Lyall, aliyekuja kutoka Adelaide, alisafisha jikoni. Alifanya kazi nzuri, simsemi. Alipanga vyakula vya majirani, akafuta rafu za friji kwa maji ya siki, akatupa vilivyooza. Kisha akapanda basi akarudi kwake.

Majuma yalipita. Moshi ulitoka kwenye bomba la jiko la Lyall asubuhi na jioni, hivyo nilijua yu hai. Nilimpelekea supu, naye akarudisha bakuli likiwa safi. Halafu Jumamosi moja nilimwona amesimama kwenye ua wetu, mkono juu ya ubao.

"Coral," aliniita. "Ile chupa ya jamu. Umeiona?"

"Ipi?"

"Ya friji. Nilitaka kupika. Wakati wake umefika." Alisema hivyo kama mtu anayekata majani kwa sababu yamerefuka. "Haipo."

"Umemuuliza Bernice?"

"Nimempigia simu. Anasema alitupa chupa ya tope. Anasema ilikuwa inanuka."

Nilimtazama. Uso wake haukuwa na kitu.

"Si utachukua mashapo kwenye chupa nyingine?" nikamwambia. "Za upishi wa mwisho. Si hamira ni ileile?"

Aligeuza kichwa kuelekea bandani, mlango ukiwa wazi, na mimi nikatazama alipotazama. Mti wa chuma umejaa. Taulo zimejaa. Chupa zimeng'aa zote, mashapo wala ukungu hakuna hata kwenye moja.

Nilikaa kwenye ndoo ya bustani bila kuangalia ina nini.

"Mlisuuza vizuri," alisema Lyall. Hakuwa ananisuta. Angenisuta ningefarijika.

Nilikaa na hilo usiku na mchana, na asubuhi ya pili nikakumbuka kitu nilichokuwa nimejifanya sikukiona. Glenys hakuwahi kumpiga mdogo wake marufuku. Jioni, Lyall akitazama televisheni, alikuwa akifungua lango la nyuma na kumpa Darcy bia moja mbili chini ya sweta. Mtaa wote ulijua isipokuwa mwenye bia. Nikaenda nikamwambia.

"Lango la nyuma?" aliuliza.

"Lango la nyuma."

"Kwa muda gani?"

"Lyall, unataka hamira au unataka kesi?"

Akavaa koti. Nikamfuata, maana wale wawili ukiwaacha peke yao ni sawa na kuacha sufuria jikoni ukaenda kulala.

Darcy anaishi upande wa gati, kwenye nyumba yenye mashua mbovu uani na pikapu mbovu zaidi mbele yake. Alikuwa anachuna samaki. Alimwona shemeji yake, akaendelea kuchuna.

"Umekuja kukagua chupa?" alisema.

"Nimekuja kuomba," alisema Lyall.

Kisu kikasimama. Nadhani Darcy hakuwahi kulisikia neno hilo kutoka mdomo ule.

"Unaomba nini?"

"Bia ya dada yako. Coral anasema alikuwa anakupa."

Darcy akanitupia jicho. "Coral ana macho marefu."

"Coral hana televisheni nzuri," nikamwambia. "Unayo au huna?"

"Watu wote wanajua mimi bia haikai kwangu. Shemeji mwenyewe alisema. Alisema ukimpa Darcy bia ni kama umeimwaga baharini. Au si wewe?"

"Ni mimi."

"Haya."

"Nilisema, na ilikuwa kweli," alisema Lyall. "Una nayo, Darcy?"

Darcy alijifuta mikono kwenye suruali. Akaingia bandani mwake, nasi nyuma yake. Alifungua friji ya chambo, akasogeza mifuko ya ngisi na dagaa, na nyuma kabisa, imezungushiwa gazeti, ilikuwepo. Chupa moja imejaa, kizibo chake kizima. Mashapo yametulia chini, meupe, manene kama ukucha wa kidole gumba.

"Alinipa siku moja kabla ya hospitali," alisema. "Akasema, hii usiinywe haraka. Basi sijainywa."

Majuma yote yale. Darcy, ambaye hajawahi kumaliza kuegesha gari kabla ya kufungua bia. Macho yangu yakajaa pale pale kwenye harufu ya ngisi, nami sioni haya kusema. Lyall alinyoosha mkono, Darcy akairudisha kifuani.

"Sikupi ukaende nayo. Nitaileta mwenyewe. Na nitaonja. Wewe unataka uchafu wa chini, mimi nataka ya juu. Ni dada yangu."

"Njoo Jumapili," alisema Lyall. Alifika mlangoni akageuka. "Ingia bandani."

Yaliyotokea Jumapili nimeyapata kwa Darcy. Darcy huongeza chumvi hata kwenye maji, lakini hili amenisimulia zaidi ya mara moja na halibadiliki.

Lyall alikuwa tayari. Alichemsha maji ya kimea kidogo, akayapoza kwenye chupa mpya ya jamu, akaifunika kwa karatasi ya fedha na kuiweka kwenye benchi. Mashapo yangeingia humo, yangelishwa siku chache mpaka yaamke na kutoa povu, na Hallam ingekuwa hai tena. Alipangusa benchi lote kwa dawa. Aliosha hata kifungulio. Darcy akakaa kwenye kreti, mara yake ya kwanza humo kwa miaka, akiogopa kugusa kitu.

"Shika bilauri, uilaze," alisema Lyall. "Mimi namimina. Wewe ungetikisa."

"Ningetikisa," alikubali Darcy.

Akamimina kwa mkono uliokuwa hautetemeki, mmimino mmoja bila kusimama, bilauri hii kisha ile, mpaka wingu la kwanza lilipofika shingoni. Akaacha. Mashapo yote yalibaki chini na bia ya kidole kimoja juu yake. Akaisimamisha chupa kwenye benchi karibu na ile ya jamu. Kazi ngumu ilikuwa imekwisha.

Wakanywa. Kwa Lyall ilikuwa chungu kidogo, tamu kidogo, baridi, kama siku zote.

"Inanukaje?" aliuliza.

"Inanuka bia."

"Darcy."

"Sasa mimi nitajua? Mwenye maneno alikuwa yeye."

"Alikuwa akisema peasi. Tafuta peasi."

Darcy akaingiza pua kwenye bilauri. Anasema alitaka tu kutafuta peasi aondoke zake. Lakini alikaa humo muda mrefu.

"Peasi ipo," alisema. "Ya kuchemsha, na ngozi yake. Mama alikuwa akizichemsha." Akanusa tena. "Na kuna kingine. Si cha matunda. Ni... shemeji, ni yeye. Alipokuwa anarudi zamu ya Hallam mimi nilikuwa mdogo. Alikuwa ananinyanyua mlangoni, hajavua hata koti. Nywele zake zilikuwa zinanuka hivi. Hivi kabisa. Shingo pia. Hata alipoacha kazi ile haikutoka, maana alikuwa anapika na wewe. Si ndivyo alivyokuwa akinuka mpaka juzi? Nilidhani unajua."

Lyall aliitazama bilauri yake. Akaileta puani, akavuta pumzi, akashusha. Akaileta tena.

"Sikujua," alisema.

Darcy anasema uso wake ulianza kufanya kitu, kidevu kikacheza, naye Darcy akaona aibu akatazama viatu. Alimsikia Lyall akisimama. Watu wetu wanapozidiwa husimama wakatafuta cha kushika, kila mtu anajua hivyo, kwa hiyo Darcy alimwacha. Alisikia bomba likifunguliwa. Alisikia maji yakitikiswa ndani ya chupa na kumwagwa, na hata hapo, anasema, akili yake haikufika. Yakatikiswa tena, yakamwagwa. Alipoinua macho ilikuwa mara ya tatu, na maji yaliyotoka yalikuwa safi kama ya kunywa.

Lyall akaiinua chupa kwenye mwanga wa mlango. Akaitazama chini vizuri. Akaitundika.

Aliporudi kwenye benchi ndipo alipoiona chupa ya jamu na karatasi yake ya fedha, na karibu nayo, duara la unyevu mahali ile nyingine ilipokuwa imesimama.

"Shemeji," alisema. "Nimeiosha."

"Nimeona."

"Nimeiosha mimi."

"Umeiosha," alisema Darcy. "Njoo ukae."

Nilikuwa nakata miti ya waridi. Nilisikia sauti kutoka bandani nikadhani mtu amejikata, nikaruka ua kwa umri wangu huu na mkasi mkononi. Lyall alikuwa ameketi sakafuni ameegemea mti wa chuma, chupa zinagongana juu ya kichwa chake kwa jinsi alivyokuwa akitetemeka, analia kama watu wanavyotapika, bila kuchagua. Darcy alikuwa amechuchumaa karibu naye, mkono mmoja begani kwake. Kwa mkono wa pili alikuwa ameshika bilauri yake, ambayo haikuwa na kitu, kwa sababu Darcy humaliza.

Siku ile hatukusema lolote la maana. Niliwapikia mayai.

Lyall anapika bado. Nusu kopo, nusu nafaka, boksi la samaki, blanketi lilelile, na hamira ya pakiti ya dukani. Darcy anakuja kila Jumapili kuwa pua, na kwa kweli hana kipaji. Anainamia pipa, anafumba macho kama alivyomwona dada yake akifanya, anakaa, anainuka.

"Siyo," anasema.

"Najua," anasema Lyall.

Wanainywa hivyo hivyo, ni bia nzuri. Kisha Darcy anainuka bila kuambiwa, anakwenda bombani na chupa zote mbili. Anasuuza mara tatu. Anainua kila moja kwenye mwanga, na kabla ya kuitundika anamletea Lyall aitazame chini, naye Lyall anaitazama kwa muda, kisha anaitikia kwa kichwa.